Utando wa kahawia unarudi kila baada ya siku tatu katika tangi la maji ya bahari la lita 60

Mwalimu wa Tegeta

Ndugu wadau, naomba msaada wenu. Wiki sita zilizopita nilianzisha tangi la kioo la lita 60 hapa Tegeta, Dar es Salaam, kwa maji ya bahari niliyoyachota Kunduchi. Ndani yake kuna mawe makavu niliyoyanunua dukani, mchanga mweupe wenye kina cha sentimita mbili, pampu moja ndogo ya kuzungusha maji, na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Joto la maji ni kati ya nyuzi 27 na 28, amonia haionekani kabisa katika kipimo, na naitreti, yaani mbolea inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, iko kwenye 5.

Tangu wiki ya tatu mchanga umefunikwa na utando wa kahawia, kana kwamba mtu amemwaga kahawa ya unga juu yake. Ukiugusa kwa kidole unaachia mara moja na kupaa majini kama moshi. Nikiupangusa Jumamosi, Jumanne jioni umekwisha kurudi kwenye kioo na kwenye mchanga. Nimepunguza muda wa taa kutoka saa kumi hadi saa sita kwa siku, ninalisha mara moja tu, na kila wiki ninatoa lita sita na kuingiza maji mapya ya bahari, lakini sioni nafuu yoyote. Maji yanayopungua kwa joto ninayafidia kila asubuhi kwa maji ya kisima cha nyumbani, kati ya nusu lita na lita moja.

Muuzaji mmoja amenishauri nitupe mchanga wote, kwa madai kuwa ndio unaolisha utando huo. Mwingine ameniuzia dawa ya chupa ambayo bado sijathubutu kuitia. Nifuate ushauri upi?

Mvuvi wa Kioo

Pole, Mwalimu, lakini usiwe na hofu. Hao ni diatomu, viumbe vya chembe moja vinavyotokea karibu katika kila tangi jipya, hasa kati ya wiki ya pili na ya sita, na mara nyingi hutoweka vyenyewe. Kwa upande wa mchanga, ninakubaliana na muuzaji wako. Langu lilisafika nilipobadilisha mchanga, na tangu hapo sijasumbuka tena. Dawa ya chupa usiitie.

Fundi Maji

Ninaomba kutofautiana kidogo na ndugu yangu hapo juu kuhusu mchanga. Kuhusu dawa, amesema kweli.

Diatomu hujijengea gamba la silika, yaani kitu kilekile kinachotengenezea kioo, na bila silika iliyoyeyuka majini haziwezi kuzaliana. Hapo ndipo hoja ya mchanga ilipoanzia, kwa kuwa mchanga wa mtoni na wa ujenzi kwa sehemu kubwa ni silika. Lakini silika hiyo ni fuwele ngumu inayoyeyuka polepole mno, na sidhani kama inaweza kuleta utando wa siku tatu. Isitoshe, huenda mchanga wako si wa aina hiyo. Chukua kijiko kimoja, ukaushe, kisha udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchemka, ni mchanga wa matumbawe na magamba, na kesi yake imekwisha. Mtu anapobadilisha mchanga hubadilisha pia nusu ya maji na kusafisha kila kitu kwa siku moja, halafu sifa zote anapewa mchanga.

Mimi nimeshtushwa na sentensi uliyoiandika kama jambo dogo, ile ya kisima. Maji ya ardhini kwa kawaida huwa na silika ya miligramu 10 hadi 30 kwa lita, kwa sababu yamekaa muda mrefu yakilamba mawe na mchanga. Tuchukue 20. Kwa wastani wa robo tatu ya lita kwa siku, katika siku 42 umemimina zaidi ya lita 31, ambazo zimebeba miligramu zaidi ya 600 za silika. Maji yamepanda hewani, silika imebaki tangini. Ukigawanya kwa lita 60 unapata zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na hata tukitoa zile zinazoondoka kila unapobadilisha maji, bado ni nyingi mno ukikumbuka kuwa diatomu huanza kulemewa pale tu silika inaposhuka karibu na miligramu 0.1. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa mkono wako mwenyewe, unaziandalia kifungua kinywa.

Kupunguza taa hakujakusaidia kwa sababu diatomu huridhika na mwanga hafifu. Rudisha muda wa taa hadi saa nane kwa siku, na uache kulishughulisha tangi kila siku. Acha kisima leo hii, wala usikimbilie bomba, kwa maana maji ya Dawasa yanayotoka mto Ruvu nayo yamepita kwenye udongo na yana silika yake.

Bi Hadubini

Mwalimu, kabla hujatumia fedha yoyote, hakikisha kwanza unapigana na nani. Rangi ya kahawia ni ya diatomu, lakini pia ni ya dinoflajelati, viumbe vingine vya chembe moja vinavyoogelea, na tiba ya wa kwanza inaweza kumnenepesha wa pili. Dinoflajelati hupenda matangi ambayo naitreti na fosfeti, mbolea nyingine ya majini, zimeshuka hadi sifuri, kwa hiyo anayekazana kusafisha na kunyima chakula hujikuta amezitengenezea nyumba. Hizo huwa na utelezi kama kamasi, hujinyoosha kama nyuzi, na nyuzi hizo hubeba viputo vya hewa. Maelezo yako ya moshi na unga wa kahawa yananielekeza kwenye diatomu, ila nisingependa tuamue kwa macho peke yake.

Vuta kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kwenye chupa pamoja na maji ya tangi, tikisa kwa nguvu, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, halafu weka maji yaliyopita chini ya taa kwa muda wa saa moja. Yakijikusanya upya na kufanya nyuzi, shuku dinoflajelati. Na kama shuleni kwenu mna hadubini inayokuza mara 400, mambo yanakuwa rahisi zaidi: diatomu nyingi utaziona kama mitumbwi ya kioo inayoteleza polepole, ilhali dinoflajelati huzunguka na kuyumba kama mtu aliyelewa. Baadhi yao hutoa sumu inayoua konokono, ndiyo maana ninasema usinunue konokono kabla ya kupima.

Mwalimu wa Tegeta

Ninawashukuru sana. Mchanga umechemka kwa siki mpaka wanafunzi wakashangilia, kwa hiyo hauendi popote. Kwenye hadubini ya maabara tumeona mitumbwi mitupu, mirefu na myembamba, na mmoja umekatiza uwanja wote wa kuonea mbele ya macho yetu. Hakuna kilichozunguka. Sasa Fundi, ukiniondolea kisima na bomba, nijaze kwa nini? Jirani ana tangi la maji ya mvua, na dukani wanauza maji ya betri.

Fundi Maji

Maji ya mvua ni mazuri endapo yatakingwa moja kwa moja kwenye beseni safi baada ya mvua kunyesha kwa muda. Ya jirani yamepita kwenye bati, na bati hupakwa zinki ambayo konokono na kamba hawaivumilii hata kidogo. Maji ya betri yanafaa ikiwa ni yaliyokenekwa kweli, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, lakini soma lebo mara mbili, kwa sababu chupa za maji na za asidi hupangwa rafu moja na hufanana. Maji ya kunywa ya chupa hayana uhakika, kwani viwanda vingi huyasafisha kisha huyarudishia madini.

Njia ya kudumu ni mtambo wa RO, unaosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi, wenye chujio la mwisho la resini, yaani punje zinazonasa madini yaliyobaki. Hapa kuna mtego mmoja: resini ikianza kuchoka, silika ndiyo hutangulia kupenya, na kile kipimo cha kidijitali cha chumvichumvi hakiioni vizuri kwa sababu silika haipitishi umeme kama chumvi. Unaweza kusoma sifuri huku utando umerudi. Badilisha resini mapema, usisubiri namba zipande.

Maji ya bahari nayo, usichote ufukweni kipindi cha masika, mito inapoyageuza kuwa rangi ya chai. Mwombe mwenye mashua akuletee madumu kutoka nje, maji yakiwa yamejaa, hasa wakati wa bamvua. Mawe usimwagize, kwa maana kisiwa cha Mbudya na vile vya jirani ni hifadhi. Tia pia konokono watatu au wanne wa gamba lenye umbo la pia, kile kichezeo cha watoto kinachozunguka. Hao hukwangua kioo usiku kucha.

Mvuvi wa Kioo

Nimepima mchanga wangu wa zamani ambao bado ninao kwenye ndoo. Nao umechemka. Ninaondoa kauli yangu.

Mwalimu wa Tegeta

Ninarudi baada ya wiki tano. Nilianza kwa maji yaliyokenekwa, kisha nikapata ndoo za RO kutoka kwa mtu wa Mbezi anayeuza maji ya kunywa, ambaye amekubali kunikingia kabla hayajatiwa madini. Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti na nilikaribia kukata tamaa. Wiki ya tatu mchanga ulianza kuonekana mweupe mahali ambapo pampu inapuliza, na sasa ninapangusa kioo mara moja tu kwa wiki. Konokono ni watatu. Mmoja alipanda nje usiku nikamkuta sakafuni, nikamrudisha akiwa mzima. Kona ya nyuma, pale maji yasipotembea, bado kuna kahawia ya ukubwa wa kiganja, na juu ya jiwe lililo karibu na taa umeota utando wa kijani ambao konokono hao sasa wanaukimbilia kuliko kioo.