Mjadala: Tovuti ya msanii wa bongo fleva, ipendeze kwanza au ifunguke kwanza?

Mdau wa Shangani (mleta mada)
Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Msanii wetu mmoja wa bongo fleva katoa tovuti mpya. Jina naliacha, hoja si yeye. Kuna wanaoisifu kwamba sasa Kusini nasi tuna tovuti ya kufanana na za wasanii wa Marekani: ukiingia tu video inajaza skrini nzima, jina linang'aa rangi ya dhahabu, chini kuna picha 12, bango la shoo, duka la fulana na fomu ya kuacha namba ya simu. Wengine wanalalamika kwamba haifunguki. Naomba tuijadili kwa vipimo, ushabiki tuuweke pembeni. Tovuti ya msanii ambaye mashabiki wake wako Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa ijengwe kwa kumfikiria nani?

Fundi Ligula
Mkuu, tuanze na uzito. Video ile ni ya sekunde 20. Ikibanwa kwa megabiti 4 kwa sekunde, jumla ni megabiti 80, na kwa kuwa megabiti 8 ni MB 1, hiyo ni MB 10, na shabiki bado hajaona hata tarehe ya shoo. Mwenye bando la MB 500 akiufungua ukurasa huo mara 50, bando limekwisha.

Picha nazo zimepandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera, pikseli 6000 kwa 4000, wakati simu nyingi za mkononi huku skrini yake ina upana wa pikseli 720. Simu inalazimika kuipakua picha nzima, kuifungua kwenye kumbukumbu, halafu kuipunguza yenyewe. Ndiyo maana simu yenye RAM ndogo inaganda ukiuteremsha ukurasa, na watu wanausingizia mtandao. Picha ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1200, ihifadhiwe kwa WebP, aina ya faili jepesi la picha, kwenye ubora wa 75 hivi. Nyingi zitashuka chini ya KB 200 na macho hayataona tofauti. Zile za chini ya ukurasa zisipakuliwe mpaka mtu azifikie.

Kipimo cha Google kiko wazi: kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Tovuti hii haikaribii hapo.

Na hoja kwamba video inampokea mgeni kwa wimbo haina mashiko. Tangu 2018 Chrome inazuia video kujianzisha yenyewe ikiwa na sauti, labda mtu awe amegusa ukurasa au ana mazoea na tovuti hiyo. Kwa mgeni wa kwanza video inacheza bubu. MB 10 za mtu kuangalia midomo inachezacheza!

Promota wa Masasi
Fundi, hesabu zako sizikatai, ila unaitazama tovuti kwa upande mmoja. Anayeingia pale si shabiki peke yake. Mdhamini akipelekewa barua ya maombi, kitu cha kwanza ni kuingia kwenye tovuti ya msanii, na anaifungulia ofisini, kwenye kompyuta, intaneti ya uhakika. Akikuta ukurasa mweupe wenye maandishi na picha mbili, msanii anashushwa thamani kabla hajaitwa mezani. Muziki wa pop ni sura na sauti pamoja. Ukimvua msanii mng'aro ili ukurasa uwe mwepesi, umembakisha na nini cha kumtofautisha na chipukizi aliyerekodi wimbo wake wa kwanza?

Dada wa Mikindani
Kaka zangu, mnagombania video wakati kasoro kubwa iko kwenye shoo na malipo.

Tarehe, ukumbi na kiingilio vimeandikwa ndani ya picha ya bango. Shabiki hawezi kunakili, programu ya kuwasomea wasioona haiambulii kitu, na anayetafuta "shoo Nangwanda Sijaona", yaani uwanja wetu wa Mtwara, kwenye Google haletewi ukurasa huo. Halafu bango likishasambaa WhatsApp halirudi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Hali kama ile ikitokea na shoo ikasogezwa, mabango ya zamani yataendelea kuzunguka. Tovuti ndiyo mahali pa kusema tarehe halali ni ipi, mradi tarehe iwe maandishi ya kawaida yanayobadilishwa kwa dakika moja.

Malipo ndiyo yanaudhi zaidi. Ukibonyeza "Nunua" unaombwa namba za kadi ya benki tu. Shabiki wa Newala ana M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Utaratibu uwe hivi: aandike namba yake, ujumbe wa kuidhinisha malipo uibuke kwenye simu, aingize namba ya siri, tiketi ije kwa SMS. Panapoharibika ni katikati. Pesa imekatwa, jibu la kampuni ya simu halijafika kwenye seva, kompyuta inayoendesha tovuti, ukurasa unazunguka tu. Mtu anabonyeza tena, anakatwa mara mbili. Kwa hiyo kitufe kizimwe baada ya mbonyezo wa kwanza, kila oda iwe na kumbukumbu namba, na pawe na mahali pa kuingiza namba ya simu kuangalia kama malipo yamepokelewa.

Kitufe cha WhatsApp nacho hakifanyi kazi. Linki imeandikwa 255 ikafuatiwa na sifuri. Inatakiwa 255 na tarakimu 9 baada yake, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha.

Mwana Nachingwea
Mimi nauliza, tovuti ya nini hasa? Nyimbo ziko Boomplay na YouTube, mashabiki wako Instagram. Gharama ya domeni (jina la anwani ya tovuti), seva na fundi ingetosha kupiga picha nzuri za mwaka mzima.

Fundi Ligula
Ndugu, kurasa zile ni za wenye kampuni. MySpace ilikuwa kubwa kuliko zote kwa wanamuziki, na mwaka 2019 ikakiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kati ya 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Akaunti ya Instagram ikidukuliwa wiki ya shoo, utawatangazia watu wapi? Ila gharama ulizozitaja zina sharti moja: domeni ya .co.tz iandikishwe kwa jina la msanii mwenyewe, si la fundi wala meneja. Wakikosana, aliyeandikishwa ndiye mwenye domeni.

Dada wa Mikindani
Na ile fomu ya namba za simu iangaliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Fomu haisemi namba zinachukuliwa kwa kazi gani, wala mtu anajitoaje. Sentensi mbili tu zinahitajika pale.

Mdau wa Shangani
Promota, ukiwekewa picha moja kali badala ya video, na juu yake kitufe kilichoandikwa "Tazama video, MB 10", mdhamini si ataibonyeza mwenyewe?

Promota wa Masasi
Habonyezi. Mtu wa ofisini anateremsha ukurasa mara mbili na kufunga.

Fundi Ligula
Basi tutenganishe. Ukurasa wa mbele uwe wa shabiki: picha moja, shoo inayofuata, kitufe cha tiketi, wimbo mpya. Wadhamini na vyombo vya habari watengenezewe ukurasa wao, video ikiwa juu kabisa, wasifu, picha kubwa za kupakua na namba ya meneja. Linki yake ndiyo iandikwe kwenye barua ya udhamini. Kazi hiyo iishe kabla ya Oktoba, minada ya korosho ikianza na watu wakiwa na pesa ya kiingilio.

Promota wa Masasi
Ukurasa wa wadhamini naukubali. Kuhusu wa mbele nina sharti: picha hiyo moja ipigwe upya na mpiga picha wa kazi, jukwaani, usiku, taa zikiwaka, isikatwe kutoka kwenye video. Ikipatikana, video itoke. Isipopatikana, mimi bado nasema ibaki.