Redio za nje kwenye AM usiku, Dodoma napata mvumo tu

Nzuguni_B: Mbukwenyi wakuu. Nimeingia kwenye mchezo wa kunasa stesheni za mbali kwenye AM (mawimbi ya kati), za hewani kabisa, siyo za intaneti. Kaka yangu yuko Kongwa na redio kuukuu ya kuzungusha, kila usiku ananisimulia Waarabu aliowapata. Mimi nina redio mpya ya kidijitali na naambulia mvumo. Sauti ikija, ni kama mtu anaongea huku anatafuna ugali. Nimeunga hadi waya kwenye antena ya kuvuta, wapi! Nirudishe dukani?

Mzee wa Mawimbi: Tulia. Waya huo utoe, antena ya kuvuta ni ya FM na SW (mawimbi mafupi). AM inategemea kijiti cha feraiti, yaani antena ya ndani iliyolala ndani ya redio. Unaanza saa ngapi? Mchana tabaka la chini la ayonosfia (anga ya juu yenye chaji za umeme) hufyonza mawimbi haya, jua likizama linatoweka, ndipo yanagonga tabaka za juu na kutua mbali.

Nzuguni_B: Saa mbili usiku, sebuleni.

Fundi Chamwino: Sebuleni na taa za LED, chaja na runinga? Hivyo ndivyo vinavyoleta mvumo. Weka betri, toka uani. Inveta ya sola ya jirani nayo ni balaa.

Binti Kondoa: Samahani wakuu, swali dogo. Ukibonyeza kutafuta, namba zinarukaje?

Nzuguni_B: 1410, 1420, 1430.

Binti Kondoa: Basi redio ni nzima. Imepangwa kwa Marekani, hatua ya kHz 10 (kilohezi, kipimo cha masafa), yaani inaruka kumi kumi. Sisi Afrika, pamoja na Ulaya na Asia, tunakwenda kwa 9. Mtambo wa BBC ulioko Oman uko 1413, wewe unausikilizia 1410, ndiyo huo ugali. Kaka yako anazungusha kwa mkono, anasimama anapotaka. Ila TWR ya Eswatini, redio ya mahubiri ya Kikristo, ungeipata safi, maana 1170 iko kwenye hatua zote mbili.

Nzuguni_B: Aisee! 1170 juzi nilipata mahubiri safi kabisa, nikajua ni watu wa hapahapa.

Binti Kondoa: 😂 Soma kitabu cha redio yako, nyingi zina namna ya kubadili hatua. Kwa Oman, ubavu mrefu wa redio uangalie kaskazini-mashariki. Ukielekeza ncha huko, sauti inazama.

Mzee wa Mawimbi: Na msimu wa mvua usikate tamaa, radi zitakukaangia spika. Kiangazi ndiyo raha.

Nzuguni_B: Nimebadili. Saa imejifuta na stesheni zote nilizohifadhi zimekwenda, ila inasoma 1413. Naenda uani.