Nina sapu mbili na simu haitoki mkononi, naombeni ushauri

Binti_wa_Kimara

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar, nasomea uhasibu. Matokeo ya muhula uliopita yametoka, nina sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Sikuumwa, sikufiwa, sikufukuzwa ada. Ni simu.

Juzi niliangalia kwenye mipangilio simu inatumika muda gani: saa 6 na dakika 40 kwa siku. Boom langu, yaani hela ya mkopo ya kula na kulala, ni 10,000 kwa siku, bando peke yake linakula 2,000. Kuna siku nashindia chai na chapati moja ili nisikose bando.

Saa nane usiku niko kitanda cha juu cha dabo deka, neti imeshuka, nimejifunika kanga ili mwanga usimwamshe mwenzangu wa chini. Macho yanawasha, simu imepata moto, kidole bado kinapandisha. Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wenzangu wanne walikwenda Bagamoyo, wote wamevaa nyeupe. Mimi nilibaki nisome. Sikusoma. Nilikesha nafungua stetasi zao moja moja, najiuliza kwa nini hawakunibembeleza twende.

Niliwahi kufuta kila kitu, WhatsApp ikiwemo. Siku ya tatu CR, kiongozi wa darasa letu, akatangaza kwenye grupu kwamba test imehamishwa kutoka saa nne, itafanyika saa mbili. Mimi nafika, wenzangu wanatoka. Tangu hapo nikikaa dakika kumi bila kuangalia simu, moyo unaenda mbio. Mama anakaanga vitumbua ili mimi niwe hapa, na hizo sapu sijamwambia. Nifanyeje?

Mzalendo_78

Futa zote, mdogo wangu. Sisi tulisoma bila hivyo vitu na tukamaliza. Amua tu.

Kitochi

Mkuu, amesema alifuta akakosa test. Tumsome kwanza.

Dada, grupu la darasa unalihitaji, stetasi na video huzihitaji, ila kwako vyote vimefungwa fundo moja. Fungua hilo fundo. TikTok na Instagram toa kwenye simu. WhatsApp ibaki, lakini stetasi za hao wanne zifiche, na magrupu yote yazime sauti isipokuwa la CR. Mimi nilinunua kitochi, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, namba yake walikuwa nayo CR, mama na rafiki mmoja. Test ikihamishwa, CR anapiga. Simu kubwa ilikuwa inalala chumba cha jirani kuanzia saa nne usiku. Wiki ya kwanza niliifuata mara mbili kugonga mlango. Jirani alikataa kunipa, namshukuru mpaka leo.

Mama_wa_Watatu

Mwanangu, nafundisha saikolojia, na suala la kuamua tu silikubali. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho, unabonyeza kwenda wa pili, na hapo unapata nafasi ya kujiuliza kama inatosha. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usioisha, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Unapambana na kitu kilichotengenezwa kisikome, kwa hiyo usijiite mzembe.

Na si lazima uache kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi 143. Kundi moja lilipunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kila moja kwa siku, kwa wiki tatu. Upweke ulipungua, na waliokuwa na sonona zaidi walipata nafuu.

Huo moyo kwenda mbio usiubebe peke yako, nenda kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Na mama yako mwambie. Anayeamka alfajiri kukaanga kwa ajili yako anastahili kusikia kwako kabla hajasikia kwingine.

Mwali_wa_Tanga

Bagamoyo nimewahi kwenda, na kwenye picha nimo. Tulipiga dakika ishirini tunacheka, kisha tukagombana kwenye daladala kwa sababu mmoja hakuchangia nauli. Hayo hayakuingia stetasi ya mtu yeyote. Waambie tu wenzako: mkipanga safari, nipigieni.

Binti_wa_Kimara

Nimerudi wakuu, leo siku ya tisa. Simu naikabidhi saa nne usiku kwa mwenzangu wa kitanda cha chini, anailaza chini ya mto wake. CR amekubali kunipigia. Nimeshuka hadi saa 3 na robo kwa siku, bado nyingi.

Jumamosi wenzangu walikwenda Coco Beach. Nilijua Jumatatu. Iliniuma, nikalia kidogo chooni, kisha nikawaambia kama alivyosema dada wa Tanga. Mmoja akajibu, "Tulidhani hutaki, maana siku hizi ukiwa na sisi unaangalia simu tu."

Mama nimempigia jana. Alinyamaza sana, halafu akauliza sapu ni lini.