Tupeane uzoefu: kuandika riwaya za fantasia na kujichapishia huku umeajiriwa

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika riwaya za majini, falme na uchawi, wanaojichapishia wenyewe, na kesho asubuhi wanatakiwa kazini. Historia za maisha tuziweke kando. Leteni namna: unapangaje, unatumia nini, panaharibika wapi na kwa nini.

Naanza na hesabu, maana wengi wanakwama hapo. Maneno 60,000 ya Kiswahili ni riwaya kamili. Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima, kwa hiyo ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 huchukua kama maneno 280, na kitabu kinafika kurasa 214 hivi. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu inaisha wiki ya 40. Anayejipangia 1,000 kwa siku huku ana ajira huanguka mapema, na si kwa uvivu. Siku moja ya dharura ofisini inamwachia deni la 1,000, deni likifika 3,000 anaogopa hata kufungua faili.

Mhasibu, Dodoma

Naunga mkono, ila kalenda ya mwaka ifuate kalenda ya kazi yako. Kwetu wiki ya kufunga hesabu za mwezi haina maneno mapya. Panga wiki tatu za kuandika na moja ya kazi nyepesi: kusoma ulichoandika, kupanga majina, kuwasiliana na mchoraji wa jalada. Mwalimu naye aziondoe wiki za kusahihisha mitihani, Juni na Desemba aziwekee kazi inayotaka siku nzima mfululizo, yaani kuhariri kitabu chote kwa mpigo.

Na usimalize kikao mahali tukio lilipoisha. Acha katikati, kisha andika mstari mmoja chini: "Sasa anagundua mlango hauna kitasa." Ukirudi kesho jioni umechoka, huanzi kwa kufikiri, unaanza kwa kuandika.

Mwalimu wa sekondari, Tanga

Mhasibu kagusa penyewe. Mwajiriwa ana dakika 40, na kwenye fantasia dakika 20 zinaweza kuishia kutafuta mfalme yule alikuwa na macho ya rangi gani. Dawa ni daftari la ulimwengu, tofauti na faili la riwaya. Liwe na kurasa tano tu: watu (jina, umri, alama ya mwili, anamwitaje nani), mahali na umbali kwa siku za kutembea, kanuni za uchawi na gharama yake, mfuatano wa matukio kwa tarehe, na ngeli.

Hiyo ya ngeli naisisitiza. Ukibuni kiumbe, amua siku ya kwanza anachukua kipatanishi gani. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, wakati wengine wanaandika "zimwi alikuja". Zote zinasomeka, lakini si ndani ya aya moja. Upanga wenye roho je? "Upanga ulisema" au "upanga alisema"? Unaweza kuutumia mgogoro huo kwa makusudi: msimulizi aanze na *u-*, na siku shujaa anapotambua kwamba upanga una nafsi, ahamie *a-*. Bila daftari, sura ya 3 itasema hivi na ya 19 vile. Mhariri wa kulipwa atakutoza kwa kusawazisha kitu ambacho ungekiandika kwa mstari mmoja.

Daftari lijazwe baada ya kikao, dakika tano, kwa yale yaliyotokea kwenye ukurasa. Anayelijaza kabla ya kuandika atachora ramani za falme miaka miwili na hatakuwa na sura ya kwanza.

Muuguzi wa zamu, Mombasa

Kwa sisi wa zamu, "kila siku saa fulani" haiwezekani. Hesabu kwa zamu, si kwa siku. Zamu ya mchana: maneno 200 kabla ya kutoka nyumbani. Baada ya zamu ya usiku usiandike kipya kabisa, akili ikichoka inarudia sentensi zilezile. Fanya usikilizaji: simu nyingi za Android zina sauti ya kusoma Kiswahili, iwekee sura yako uisikilize kwenye matatu. Neno lililorudiwa mara tatu katika aya utalisikia hata kama jicho limelipita.

Kuandika kwa kuongea pia kunasaidia, kibodi ya Google inapokea Kiswahili. Shida ni majina uliyobuni: kila mara itakuandikia kitu tofauti. Mpe mhusika jina la muda ambalo simu inalijua, kisha badilisha lote kwenye kompyuta kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Mhasibu, Dodoma

Dada muuguzi, hapo kwenye kubadilisha pana hatari. Jina la muda lisiwe Ali. Ukiamuru "Ali" iwe "Zuberi" bila kuchagua neno zima, "Alikuja" inageuka "Zuberikuja" kitabu kizima. Kutofautisha herufi kubwa peke yake hakutoshi, kwa sababu sentensi nyingi huanza na "Ali-". Chagua neno zima, na hifadhi nakala kwanza.

Mpangaji wa kurasa, Dar es Salaam

Niongeze upande wa ramani, maana kila mwandishi wa fantasia anataka moja na nyingi zinaharibika mashineni. Ukiitandaza kwenye kurasa mbili zinazotazamana, katikati inamezwa na mgongo wa kitabu: mji mkuu unapotelea kwenye gundi. Ilaze kwenye ukurasa mmoja. Ukingo wa ndani, yaani nafasi tupu upande wa mgongo, Amazon (wanaochapa na kuuza mtandaoni) wanataka angalau milimita 12.7 kwa kitabu cha kurasa 151 hadi 300, na milimita 15.9 kuanzia 301 hadi 500. Picha iwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa wake halisi. Picha ya kuchukua WhatsApp imeshabanwa, itatoka na ukungu.

Kwa mashine za ofseti, zinazochapa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, idadi ya kurasa igawanyike kwa 16. Kurasa 214 zinakuwa 224, na hizo kumi tupu zinalipiwa. Zijaze: orodha ya wahusika, sura ya kwanza ya kitabu kijacho, namba ya kuagizia. Mgongo wa jalada usipimwe kabla idadi ya kurasa haijawa ya mwisho, kwa sababu ukiongeza sura moja unene unabadilika na maandishi yanahamia pembeni.

Afisa mauzo, Nairobi

Fupi tu: usiandikie kwenye laptop ya kazi wala barua pepe ya kazi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa ndani ya ajira. Riwaya yako haimo kwenye majukumu yako, lakini usijitengenezee ubishi. Halafu siku ukiacha kazi, laptop inarudi na faili zake.

Muuzaji wa vifaa vya ujenzi, Mwanza

Wanaouza kwa sehemu WhatsApp: usifungue kundi kabla hujawa na sura nane zilizokwisha kuhaririwa. Ukitoa mbili kwa wiki, akiba hiyo inakupa mwezi mzima kazi ikibana. Asiye na akiba anaandika usiku kwa shinikizo la wasomaji, na kanuni za uchawi zinaanza kugeuka.

Chukua lipa namba, mauzo yasichanganyike na mshahara. Malipo yahakikiwe kwenye taarifa ya akaunti, si kwa picha ya ujumbe, kwa sababu ujumbe wa kughushi upo. Tenga saa moja Jumamosi ya kuingiza wanunuzi na watangazie hivyo, vinginevyo simu italia kikaoni. PDF kamili iwekewe jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi, lakini inamfanya mtu afikirie kabla ya kusambaza.

Maduka ya vitabu mengi yanataka mali kauli, yaani yakulipe baada ya kuuza. Andikishianeni idadi na tarehe ya kuhesabu, na usiachie nakala nyingi kuliko unazoweza kuzifuata mwenyewe siku ya mapumziko.

Msimamizi wa ghala, Muscat

Amazon: mgawo wa mwandishi wa asilimia 70 ni kwa kitabu cha kielektroniki cha dola 2.99 hadi 9.99, nje ya hapo ni 35. Kwenye hiyo 70, kwa mauzo ya Marekani wanakata senti 15 kwa kila megabaiti ya faili kabla ya mgawo, kwa hiyo ramani nzito inakula pato lako. Dola 3.99 yenye faili la megabaiti 1 inabaki kama 2.69. Tanzania, Kenya na Oman hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mauzo ya huko yanakatwa asilimia 30, unabaki na kama 1.88. Fedha huja siku 60 hivi baada ya mwezi kuisha. Usiipangie kodi ya nyumba.

Mwanzisha uzi

Na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake, na ile ya bure ya Amazon haitumiki kwa mchapaji mwingine. Ofisi hizo zinafunguliwa saa za kazi, saa ambazo na wewe uko kazini, kwa hiyo omba namba wakati muswada uko kwa mhariri. Mchora jalada anaihitaji kwa msimbopau wa nyuma.