Madesa, diskasheni ya kulipia au kukomaa mwenyewe? UE hiyo inakuja

Kuku Mgeni
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa kwanza, UE, yaani mtihani wa mwisho wa semesta ya kwanza, imekaribia na bumu (hela ya mkopo) limebaki kidogo. Nina njia tatu, hela inatosha moja tu. Jamaa wa stesheneri anauza madesa ya kozi zote, mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu, yamefungwa vizuri, 35,000. Pili, kuna kundi la diskasheni linamlipa kaka mmoja wa mwaka wa tatu awapige shule kila jioni, mtu 40,000. Tatu, nisome mwenyewe slaidi na vitabu vya maktaba, hela nile chipsi. Ipi inafaulisha?

Mzee wa Sapu
Inafaulisha nini, mdogo wangu? Kozi hujataja, UE lini hujataja, alama za semesta umekusanya ngapi hujataja. Mwenye 32 kati ya 40 na mwenye 14 hawawezi kupewa dawa moja.

Tausi wa Kimbweta
Diskasheni. Nimeshamaliza chuo na msimamo wangu ni huo huo. Ukimweleza mwenzako jambo mpaka akaelewa, unalijua. Ukikwama katikati, unajua pa kurudi kusoma. Ila msizidi watano, na msichague kimbweta (meza ya nje ya kusomea) cha njiani, maana kila anayepita atataka salamu na umbea.

Bwana Slaidi
Sasa hapo 40,000 ya nini? Si wakae tu wenyewe bure?

Tausi wa Kimbweta
Sijasema alipe. Soma vizuri kabla hujajibu.

Daktari Mtarajiwa
Mleta mada, swali siyo ununue nini, ni utakitumiaje. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia kule Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine walirudia kuzisoma, wengine wakazifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, walioandika kwa kukumbuka wakawapita. Ndiyo maana mtu anamaliza slaidi zote saa nane usiku akijiona ameiva, halafu kwenye chumba cha mtihani anakodoa macho.
Kwa hiyo mitihani ya nyuma ni mali, ila majibu yake yafiche. Fanya swali kwanza, kwa saa, kisha ndiyo usahihishe. Na usimalize mada siku moja ukaitupa. Irudie baada ya siku mbili, tena baada ya wiki. Ebbinghaus alishapima tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni kabisa.

Bwana Slaidi
Hao wa Marekani walikuwa wanalala chumba kimoja watu wanane, mmoja anapika wali, mwingine anapiga simu kwa mpenzi? Tafiti za watu wenye meza zao.

Daktari Mtarajiwa
Kufunika daftari kunahitaji meza?

Sina Hamu na Madesa
Ngoja niwape kisa, maana naona watu wanayasifia madesa. Mwaka wangu wa kwanza (chuo sitaji) kulikuwa na desa la kozi moja ya takwimu, maarufu mpaka lina jina lake. Darasa karibu zima tulinunua. Jalada jipya, mwaka mpya umeandikwa kwa herufi kubwa. Kumbe mwenye stesheneri kabadilisha jalada tu, ndani ni maswali ya lekchara aliyekuwa ameshaondoka kwenda kusoma nje. Aliyempokea alikuwa mtu wa kukupa jedwali la data na kukuuliza "unaamua nini na kwa nini", yule wa zamani alikuwa mtu wa kuuliza maana na fomula. Tumeingia na maana zetu kichwani, tumefungua karatasi, ukumbi mzima ukawa kimya. Mbaya zaidi, majibu ya desa lenyewe yalikuwa na makosa. Kuna swali la mkengeuko sanifu lilikokotolewa kwa kugawa badala ya kutafuta kipeuo cha pili, na watu wakalinakili hivyo hivyo kwenye karatasi. Lekchara alikuja kutusomea kosa hilo darasani, anacheka peke yake. Orodha ya sapu, yaani wa kurudia mtihani, ilibandikwa ukurasa na nusu. Tulipomrudia mwenye stesheneri akatuambia yeye anauza karatasi, hauzi ufaulu. Dogo, kabla hujatoa 35,000 uliza ni lekchara gani aliyetunga hiyo mitihani.

Mzee wa Sapu
"Hauzi ufaulu" 😂😂 Huyo mzee ana akili.

Komredi wa Eldoret
Kwani huko mnanunua mitihani ya zamani? Maktaba yetu imeiweka kwenye tovuti, unaingia na namba yako ya usajili, unapakua bure. Hebu muulize mkutubi wenu kwanza. Hapa kwetu CAT (majaribio ya ndani ya semesta) ni 30 na mtihani mkuu ni 70, kwa hivyo ukilala ile wiki ya mwisho umejimaliza.

Pwani Tulivu
Mie nipo Unguja. Shauri langu ni wakati. Usiku nikifungua daftari macho yananifunga, lakini nikishasali alfajiri silali tena, nakaa barazani mpaka jua lipande. Saa mbili hizo nafanya kazi kuliko usiku kucha. Mwanangu usikeshe.

Bwana Slaidi
Kukesha ndiko kulikonitoa mimi. Kahawa, miguu kwenye beseni la maji baridi, mpaka asubuhi.

Daktari Mtarajiwa
Ulichosoma usiku ubongo unakipanga ukiwa umelala. Ukikesha unavuna kidogo cha siku hiyo na kesho yake huna kitu.

Bwana Slaidi
Nilipata B+ mkuu.

Tausi wa Kimbweta
Ya kozi gani? Isije ikawa DS, ile Development Studies.

Kadi Ndogondogo
Hamjagusa Anki. Unaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, programu inakuletea ulizokosea mara nyingi kuliko ulizopata. Kwenye Android ni bure, wenye iPhone mtalipia.

Sina Hamu na Madesa
Wenye iPhone na bumu wapi na wapi?

Kadi Ndogondogo
Utashangaa, wapo, na wanakopa vocha.

Kuku Mgeni
Samahani wakuu, nilikuwa pindi (darasani). Nasoma shahada ya sayansi na ualimu, kemia na hesabu. UE baada ya wiki tatu. Kemia alama ziko vizuri, hesabu naomba nisiiongelee.

Mzee wa Sapu
Hiyo usiyotaka kuiongelea ndiyo ulitakiwa uianze nayo! Hesabu haisomwi kwa macho, inakokotolewa. Chukua karatasi zote za mazoezi mlizopewa kwenye seminari, fanya maswali yote upya bila kuangalia. Unapokwama mara tatu mahali pamoja, hapo ndipo umtafute huyo kaka wa mwaka wa tatu, umlipie soda.

Tausi wa Kimbweta
Huyo kaka mwenyewe hesabu alipata ngapi? Umewahi kumuuliza?

Kuku Mgeni
Hapana dada. Ila anaongea vizuri sana.

Komredi wa Eldoret
Haya basi.

Kuku Mgeni
Leo wamesema nafasi zimebaki mbili, nilipe kabla ya Ijumaa. Maktaba nitapita kesho nimuulize mkutubi, ila stesheneri naye amesema nikichukua kozi tatu tu atanipunguzia.

Sina Hamu na Madesa
Lekchara, dogo. Uliza lekchara.

Binti Maabara
Samahani kwa kuingilia uzi, kuna mwenye koti la maabara la kuuza? Langu limeungua na asidi na Jumatatu nina jaribio.

Bwana Slaidi
Lipo, saizi kubwa, mfuko mmoja umechanika. Njoo inboksi.