Je, saratani ya panya yatosha kupiga marufuku utamu bandia?

Mtoa mada, Tabora Mjini

Baadhi ya wazazi wa hapa kwetu wanataka juisi za unga na barafu za mifuko zinazouzwa karibu na shule zipigwe marufuku, kwa hoja kwamba sakarini na aspatame, aina mbili za utamu bandia, ziliwapa panya saratani. Wasiwasi wao ninao pia, lakini marufuku naipinga, na ninaomba tuone kwanza majaribio hayo yalifanyikaje.

Mwaka 1977 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba panya dume waliolishwa sakarini nyingi mno, kufikia asilimia 5 ya chakula chao, walipata uvimbe wa kibofu cha mkojo. Serikali ya Marekani ilikusudia kuipiga marufuku, Bunge likasimamisha hatua hiyo na kuagiza onyo liandikwe kwenye bidhaa. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kwamba mkojo wa panya dume una protini, kalisi na fosfeti kwa wingi, hivyo sakarini inapozidi humo hufanyika chembe ngumu zinazokwaruza ukuta wa kibofu, nao ukuta hulazimika kujijenga upya mara kwa mara hadi uvimbe ukaanza. Mkojo wa binadamu hauko hivyo, na mwaka 2000 onyo hilo liliondolewa.

Mchangiaji, Urambo

Ndugu mtoa mada, umechagua mfano unaokufaa. Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, iliwalisha aspatame panya wapatao 1,800 na kuwaacha waishi hadi wafe wenyewe, badala ya kuwaua wakiwa na miaka miwili kama ilivyo desturi, ikaripoti ongezeko la limfoma na lukemia, yaani saratani za tezi za limfu na za damu. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka aspatame katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kwa nini sisi wazazi tusubiri hadi watoto wetu wawe ndio ushahidi?

Mtoa mada

Hoja yako ni nzito, ndugu yangu. Hata hivyo, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliyapitia matokeo ya Bologna ikaona kwamba ugonjwa sugu wa mapafu miongoni mwa panya wale ulivuruga tafsiri yake. Kundi 2B nalo hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Mwaka huohuo kamati ya pamoja ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliacha ukomo wa aspatame palepale, miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu.

Mimi ninachokihofia zaidi ni kipimo. Ukomo wa sakarini uliowekwa na kamati hiyo ni miligramu 5 kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anaufikia kwa miligramu 100 tu, ambazo utamu wake, kwa kuwa sakarini huishinda sukari mara 300 hivi, unalingana na takriban gramu 30 za sukari. Anayetengeneza barafu nyumbani kwa kukadiria kwa kijiko anaweza kumvusha mtoto ukomo huo bila kujua. Ndiyo maana naitaka TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019, ilazimishe kila pakiti itaje kwa Kiswahili aina na kiasi cha utamu uliomo, na halmashauri ziwafundishe kina mama wanaouza barafu namna ya kupima.

Mchangiaji, Sikonge

Ninaishi na kisukari, na marufuku ingeniachia sukari au asali yetu ya miombo, ambayo kwa damu yangu ni sukari vilevile. Hata mwongozo wa WHO wa Mei 2023, ulioshauri utamu bandia usitumike kudhibiti uzito, haukutuhusu sisi wenye kisukari. Naunga mkono maandishi kwenye pakiti, lakini mtoa mada atujibu: unga ukishafunguliwa sokoni na kuuzwa kwa kijiko, maandishi hayo atayaona nani?