Je, Percy Julian ahesabiwe mwanazuoni au mtu wa kiwandani?

Mwalimu wa Temeke:
Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Ninafundisha kemia kidato cha sita hapa Dar es Salaam, na tukifika kwenye alkaloidi, yaani kemikali zenye naitrojeni zinazopatikana hasa kwenye mimea, huwasimulia wanafunzi maisha ya Percy Julian, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, mjukuu wa mtumwa. Juzi binti mmoja aliniuliza: ikiwa miaka yake mingi ilipita kiwandani, kwa nini tumwite mwanazuoni? Sikutaka kumjibu juujuu. Ninyi mngemjibuje?

Mkemia wa Mlimani:
Mwalimu, anzia mwaka 1935. Julian, aliyekwisha kupata uzamivu Vienna mwaka 1931, alikuwa Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana, akishirikiana na mkemia Josef Pikl kuunda maabarani fizostigmini, dawa ya presha ya macho iliyokuwa ikitolewa kwenye maharage ya Calabar. Robert Robinson wa Oxford, mkemia aliyeogopwa na wengi, alikuwa ametangaza kuwa amekwisha kuunda eseretholi, kemikali ya hatua ya karibu na mwisho katika kuunda fizostigmini. Eseretholi ya Julian haikufanana na ya Robinson, naye akaandika waziwazi kwamba iliyo sahihi ni yake. Alitegemea nyuzijoto ambazo kitu huyeyuka. Wanafunzi wako wanakijua kipimo hicho: unashindilia unga kidogo kwenye kineli chembamba cha kioo, unakifunga ubavuni mwa kipimajoto, unapasha mafuta taratibu bila kubandua jicho, kwa kuwa kitu safi huyeyuka mara moja na chenye uchafu huanza kulegea mapema. Sampuli yake ililingana na ile iliyotokana na mmea. Kwangu mimi, aliyethubutu kuweka jina lake lote juu ya kipimo kama hicho ni mwanazuoni popote aendapo.

Mfamasia, Kariakoo:
Naafiki, ila binti huyo aambiwe pia kwamba Julian hakuondoka chuoni kwa kupenda. Alinyimwa uprofesa kwa sababu ya rangi yake, ndipo mwaka 1936 akaingia kampuni ya Glidden, Chicago, ambako aligeuza steroli (kemikali za jamii ya mafuta) za soya kuwa projesteroni, homoni ya kike, kwa wingi. Hata baada ya mafanikio hayo, nyumba yake ya Oak Park ilirushiwa baruti mwaka 1951. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilimchagua mwaka 1973, akiwa na miaka 74.

Mwalimu wa Temeke:
Asanteni sana. Jumatatu nitawapimisha asidi ya benzoiki, safi na iliyochanganywa, kabla sijalitaja jina la Julian.